Ule weupe juu ya vijisanamu vyako: unatoka wapi, na tunauondoaje

Ujumbe unaotufikia zaidi kwenye karakana yetu hapa Lamu huja na picha. Ni askari wa plastiki au jini wa resini (utomvu wa kumimina unaoganda ukawa mgumu), mrefu kama nusu ya kidole, amepakwa rangi kwa subira siku nne tano, kisha asubuhi moja anakutwa kama aliyemwagiwa unga. Swali huwa ni moja: je, rangi ilikuwa mbovu? Mara nyingi sivyo, na kazi ya brashi ilikuwa njema. Kilichoharibu ni hewa yetu ya pwani, nayo ina njia zaidi ya moja ya kuleta weupe. Ndiyo maana kabla ya kutaja bei huwa tunauliza: weupe wenyewe uko wapi? Umetanda mwili mzima, umezunguka maungio, au unapanda kutoka miguuni?

Unaotanda mwili mzima ndio unaouma kuliko yote, kwa sababu huja kazi ikiwa imekwisha, pale unapopuliza vanishi ya mkebe isiyong'aa. Dawa iliyomo kwenye mkebe hukauka upesi mno, na kila kinachokauka upesi huondoka na joto. Jipake spiriti mkononi utausikia ubaridi wake. Kijisanamu kikipoa kuliko hewa iliyokizunguka, unyevu hukigandia kama unavyoigandia chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Unyevu huo hunaswa ndani ya vanishi kabla haijashikana, na ukisha kutoka huacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Nuru ikipiga hapo hutawanyika, nasi tunaona nyeupe. Rangi yako iko chini yake, salama.

Kwa hivyo usiikwangue. Siku kavu, chukua vanishi ya maji inayong'aa, ipake kwa brashi laini, tabaka moja jembamba. Inaingia kwenye vile vitundu, inaviziba, na rangi inarudi mbele ya macho yako. Mng'ao utakaobaki unaondolewa baadaye kwa vanishi isiyong'aa, nayo ipakwe kwa brashi pia. Ukungu ukiwa mwepesi sana, hata tone la mafuta ya zeituni lililofutwa vizuri husaidia, ila sisi hatulitumii kwenye kazi ya mteja kwa sababu mafuta yanavuta vumbi.

Najua maumivu ya jambo hili. Mwanzo wa biashara, mwezi wa Juni, kusi ikivuma na mvua imekatika saa moja tu iliyopita, nilipuliza vanishi juu ya kikosi kizima cha mteja wetu wa Malindi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi boti. Niliporudi kuvitazama vyote vilikuwa vyeupe, hata wekundu wa majoho niliokuwa nimeutengeneza kwa tabaka saba hauonekani. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo nikamweleza, nikavirekebisha kimoja kimoja kwa brashi. Kazi ya dakika kumi ikala wiki.

Tangu siku hiyo pana kipimo cha unyevu kimetundikwa karibu na dirisha. Kikipita 70 kwa mia, mkebe haufunguliwi, na kwa Lamu hizo ni siku nyingi za mwaka. Wakati wetu mzuri ni kaskazi, Januari na Februari, kuanzia saa nne asubuhi, kivulini. Alfajiri hewa imejaa maji. Juani kabisa nako pana tatizo la upande wa pili: rangi hukauka ikiwa bado hewani, ikatua kama vumbi, na uso wa kijisanamu ukawa mkwaruzo kama msasa. Hizo siku nyingine zote tunapaka kwa brashi, andakoti (rangi ya chini) na vanishi vyote viwili. Ni kazi ndefu zaidi, nanyi mnaotuuliza kwa nini kikosi cha askari kumi kinachukua wiki tatu, hilo ni sehemu kubwa ya jibu.

Weupe unaozunguka maungio, pale mkono ulipounganishwa na bega, ni wa supagluu. Gundi hii hushikana kwa unyevu, ndiyo maana huku kwetu inashika kabla hujamaliza kunyoosha mkono wa kijisanamu, na chupa ikiachwa wazi inageuka jiwe. Mvuke wake nao unashikana na unyevu wa hewani, kisha unatua pembeni kama poda. Ukitumia gundi nyingi ndani ya boksi lililofungwa ndipo inazidi. Weka tone dogo la ncha ya sindano, acha upepo upite. Kama hujapaka rangi, sugua kwa mswaki mkavu yaishe. Chupa yenyewe ikae kwenye friji, imefungwa vizuri ndani ya kopo lenye kifuniko, na ukiitoa isubiri ipate joto la chumba kabla hujaifungua.

Unaopanda kutoka miguuni ni chumvi, nao tunauona kwa wateja wa pwani peke yao. Mtu anataka kitako cha kijisanamu kifanane na ardhi, anachota mchanga ufuoni, anaumwagia juu ya gundi nyeupe ya seremala. Gundi ile ina maji; maji yanayeyusha chumvi iliyo kwenye mchanga, na yanapokauka yanaipandisha juu pamoja nayo. Siku za mvua chumvi inavuta unyevu, siku za jua inatoka tena kama chembe, na kila mara inabandua rangi kidogo. Vanishi haiizuii. Hapa hakuna dawa isipokuwa kubandua kitako na kuanza upya. Mchanga uoshwe kwa maji matamu mara nne au tano, kisha ukaangwe kwenye sufuria kavu hadi ukauke kabisa. Na tafadhali, usichotwe kwenye vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyotuhifadhia maji ya visima tunayokunywa. Kwa kitako kimoja kijiko kimoja kinatosha, hata mabaki ya mchanga wa fundi mwashi yanafaa.

Kuna weupe wa nne, wa nadra, ambao hatutaki muuguse. Vijisanamu vya kale vya chuma, vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990, vingi vina madini ya risasi. Vikikaa muda mrefu ndani ya kabati la mbao lisilopitisha hewa, mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao na unyevu hushirikiana kuila risasi, ukatoka unga mweupe. Unga huo ni sumu. Usiupulize, usiusugue kwa mkono mtupu, na watoto wasivishike. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki utuletee.

Kuhusu kuvua rangi ya zamani nina ombi moja. Msitumie tina wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Zinayeyusha plastiki, na tumeshaletewa mashujaa waliogeuka nta. Spiriti ya isopropili inatosha: lowesha usiku kucha, sugua kwa mswaki. Dettol nayo inavua vizuri, lakini ukisuuza kwa maji mapema rangi inageuka ulimbo unaonata. Sugua kwanza ndani ya Dettol yenyewe, maji yaje mwisho.

Nusu ya pili ya kazi yetu ni kugeuza vijisanamu, na hii ndiyo inayonifanya nichelewe kufunga duka. Vijisanamu vingi vinavyotufikia ni vya michezo ya vita ya mezani kama Warhammer, uliotoka Uingereza mwaka 1983: mashujaa wa ngao na helmeti za kizungu, kimo cha milimita 28 hadi 32. Mteja mmoja wa Mombasa alituletea shujaa wa namna hiyo akataka awe mpiga siwa, lile baragumu kubwa la sherehe. Tulikata helmeti kwa msumeno mwembamba, tukafinyanga kofia ya vito na kanzu kwa udongo wa epoksi, ule wa mikanda miwili, buluu na manjano, unaokandwa hadi uwe kijani. Kwenye nchi za baridi fundi hupata saa moja na zaidi ya kuufinyanga. Kwetu joto linauharakisha, hivyo tunaukanda kidogo kidogo, na ncha ya kifaa tunaipaka vaselini isinate.

Siwa yenyewe ilitushughulisha siku mbili. Tulikwenda kuitazama tena ile ya pembe ya ndovu ya Pate iliyo kwenye makumbusho hapa mjini. Ni ndefu kumpita mtu, na inapulizwa kwa ubavuni, si kwa nchani kama tarumbeta. Ukiipunguza kwa kipimo sawasawa inatoka kubwa kuliko mwenye kuibeba, na mikono ya vijisanamu hivi huchongwa mikubwa makusudi, basi uwiano unapotea. Tuliishia kuifanya fupi kidogo kuliko inavyostahili, uti wa waya wa shaba, udongo juu yake. Begani tulitoboa kwa keekee ya milimita moja, tukapitisha waya ndani ya mkono, kwa sababu gundi peke yake haibebi uzito ule. Yule bwana alipoipokea alinyamaza kwenye simu, kisha akaniambia amemkumbuka babu yake.

Wapo pia wateja wa mji huu wasiotaka sura ya mtu wala ya mnyama nyumbani, nasi tunawaelewa vyema. Kwao tunaunda majahazi, milango ya kuchonga, na magofu ya kuta za matumbawe kama yale ya Takwa. Kazi hizo zina mikunjo na nakshi ambazo brashi kavu, yaani iliyofutwa ikabaki na rangi kidogo tu, inazitoa vizuri kuliko uso wowote.

Ukitaka tutazame chako, kipige picha dirishani kwa mwanga wa asubuhi, bila taa, mbele na nyuma, halafu tuandikie ulipuliza au ulipaka nini na mwezi gani. Bei inategemea kama rangi inaokolewa au inavuliwa, na hatuvui kinachoweza kuokolewa. Ukituma kwa basi la Mokowe, kule bara ambako mzigo hupanda boti kuja kwetu, zungushia karatasi laini ya choo, si gazeti, weka ndani ya kopo lenye kifuniko, na tia vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Juu ya kopo andika kwa herufi kubwa lisiachwe juani botini. Resini ikipata joto inapinda, na upanga ulionyooka kutoka kwako unaweza kutufikia umekunjika kama ndoana. Ukifika hivyo usijali, maji ya moto yanaunyoosha.