Marejeo ni ngamani: barua kwa wanandoa wanaojiandaa kutumika melini

Wanangu mlio wawili wawili,

Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili ile mlinipa dakika kumi za kuwaasa, nami nikazimaliza zote kwa kusimulia mawimbi. Mlicheka, mkapiga makofi, mwenyekiti akanionyesha saa. Nilipofika nyumbani mama yenu akaniuliza, "Umewaambia habari ya kitanda?" Sikuwa nimewaambia. Ndiyo sababu naandika, na barua naiacha wazi ili wengine wenye nia kama yenu waisome, na wazazi wao, na wachungaji wao pia.

Habari ya kitanda ni hii. Nilikuwa baharia miaka ishirini na kitu kabla sisi wawili hatujaingia meli ya misheni. Nilishafika hadi userahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha, nikadhani mimi ndiye niliyeiva na mke wangu ndiye wa kuhurumiwa. Tukapewa kabini isiyo na dirisha. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, unagusa ukuta huku na huku. Kitanda cha juu, kitanda cha chini. Wiki ya kwanza tulikuwa tunaombana radhi kila tukipishana. Wiki ya tatu hatukuombana tena.

Huku nyumbani mtu akikasirika anatoka. Baba anakwenda kijiweni, mama anakwenda kwa jirani kusukwa nywele, jioni wanakutana hasira imeshapoa. Melini unatoka uende wapi? Unapanda sitaha ya juu, unakuta vijana wanajifunza gitaa. Unakwenda nyuma, mtu wa zamu anakwangua kutu. Unashuka chumba cha kulia, dada mmoja anakuona uso na kukuomba msali pamoja. Mwisho unarudi kulekule ulikotoka. Watu wa pwani husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: zunguka nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi tumboni mwake. Nimelisikia tangu nikiwa kijana kazini, ila nililielewa saa nane usiku nimekaa kwenye ngazi ya chuma, nimemnunia mke wangu, sina pa kulala ila hapo alipo yeye.

Kwa hiyo, kabla hamjafanya mazoezi ya kuhubiri, fanyeni mazoezi ya kukaa chumba kimoja. Nyumba yenu ina vyumba vitatu? Fungeni viwili, mkae miezi mitatu katika hicho kilichobaki, kila mtu na begi moja. Mmoja wenu awe anaamka saa tisa usiku kama mwenye zamu, avae bila kuwasha taa, atoke bila kubamiza mlango. Mtagunduana. Kuna atakayejua leo kwamba mwenzake hajawahi kusema "nimekosa" bila kuongeza "lakini na wewe." Heri mlijue hilo Mbagala, ambako hata daladala ya kumpeleka mtu kwa shangazi yake ipo.

Sasa kozi. Nimesikia manung'uniko: sisi ni walimu, ni wauguzi, ni wapishi, mafunzo ya kuzima moto ya nini, tena ghali? Wanangu, moto hauulizi mtu amesomea nini. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa 1978, ule uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010, unamtaka mwenye majukumu melini apite mafunzo ya msingi: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wake pamoja na mwenendo wake kwa wenzake. Hapa kwetu yanatolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Mombasa wako Bandari Maritime Academy. Ila ulizeni kwanza shirika lenu, maana wengine huwafundisha watu wao wenyewe, msije mkalipa mara mbili.

Mama yenu alifanya kozi hiyo akiwa na miaka arobaini na nane. Amezaliwa kando ya ziwa lakini hajui kuogelea; wasichana wa wakati wake walikwenda ziwani kuosha vyombo. Wakampandisha kwenye jukwaa juu ya bwawa. Mwalimu akamwelekeza: mkono mmoja ubane pua, mwingine ulikumbatie jaketi kifuani lisije likakupiga kidevuni, tazama mbele, piga hatua kama unayetembea. Alisimama pale mpaka chai ya mwalimu ikapoa. Kisha akaruka, na njia nzima alikuwa akimwita marehemu mama yake, wala si Yesu. Mpaka leo namtania. Lakini ilipofika zamu ya kugeuza boya kubwa la kuokolea lililopinduliwa makusudi, alilipanda, akashika mkanda, akaegemea nyuma kwa uzito wote aliopewa na Mungu, likageuka. Mimi serahangi lilinifunika.

Mkifika melini mtasikia milio saba mifupi na mmoja mrefu, ndiyo kengele ya hatari. Wiki za mwanzo mtakimbia. Baadaye mtaanza kujivuta, kwa kuwa mnajua ni mazoezi tu. Hapo ndipo nataka mnikumbuke. Meli ya misheni iitwayo Logos ilipanda mwamba Januari 1988 kwenye mlango wa bahari wa Beagle, huko kusini kabisa mwa Amerika. Ndani kulikuwa na familia na watoto wadogo. Meli haikuokolewa, watu wote walishuka wakiwa hai. Hao walikuwa waombaji, na walikuwa pia watu wanaojua mashua yao ni ipi.

Nina sababu ya kulisemea hili. Mimi ni mtu wa Liuli, Ziwa Nyasa. Bibi yangu alitusimulia juu ya meli ya Wamisheni, Chauncy Maples, iliyotengenezwa Scotland, ikaletwa vipandevipande, vingine mabegani mwa watu, ikaunganishwa tena na kuingizwa ziwani mwaka 1901. Kwake ilikuwa filimbi, moshi, na mapadri wanaoshuka na vitabu na dawa. Sisi watoto tulitaka kujua Chauncy Maples ni nani. Alikuwa askofu. Alikuwa ametoka kuwekwa wakfu London, anarudi kisiwa cha Likoma kuanza kazi, Septemba 1895, boti yake ikapinduka ziwani usiku kwenye dhoruba. Wazee walisema ni kanzu yake nzito iliyomvuta chini. Bibi alikuwa akifika hapo anashika kanga yake, kama anayeipima uzito. Nimeona mawimbi ya upepo wa mwera yakifika mlangoni mwa kanisa letu, na sijawahi kusikia yakiuliza nani padri. Jaketi lifungwe kamba zote.

Kazi. Wengi wenu mmejaza fomu mkiota kushika kipaza sauti bandarini. Mezani kwenu pale kanisani mlibandika picha ya Logos Hope, meli ya misheni yenye duka la vitabu, na ya Global Mercy, meli-hospitali yenye vyumba 6 vya upasuaji. Picha nzuri. Lakini daktari wa Global Mercy hawezi kupasua kama hakuna anayefua mashuka, na watu kutoka mataifa zaidi ya 60 wa Logos Hope wanakula mara tatu kwa siku. Kuna sahani. Kuna choo kilichoziba. Kuna shule ya watoto wa wafanyakazi, na kuna joto la chumba cha injini ambalo sitalieleza, mtalikuta. Someni Matendo 27 na 28 taratibu. Merikebu yenye watu 276 imevunjika, wote wamefika Malta wakitetemeka kwa mvua na baridi. Na Paulo, mtume, aliyetokewa na malaika usiku, anafanya nini? Anaokota kuni. Nyoka alimkuta hapo, na mzigo wa kuni.

Mume na mke wanaweza wasipangiwe kazi moja. Mimi nilikuwa sitahani, mama yenu jikoni. Baada ya miezi sita yeye ndiye aliyekuwa akijulikana na meli nzima, mimi nikawa "mume wa Mama Chapati." Ukiona jina kama hilo litakuchoma, ongea na Mungu kabla ya kupanda ngazi.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo. Harusi zenu zilikuwa na kamati, mwenyekiti, mhazini, kadi za michango na kundi la WhatsApp la kukumbushana ahadi. Mtu aliyetoa laki moja ili ale pilau saa nne usiku atawaangalia kwa mshangao mkimwomba elfu ishirini kwa mwezi. Atauliza, "Kwani hiyo meli hailipi?" Mwambieni ukweli: wengi wanaotumika kwenye meli hizi hawana mshahara, na wao ndio wanaochangia chakula na malazi yao. Mjomba hataamini. Atasema mnaficha dola. Basi mwekeeni hesabu mezani, nauli, bima, vipimo vya afya, chanjo, ada ya kila mwezi, hela ya sabuni, akague mwenyewe. Na mkishaondoka, tumeni ujumbe wa sauti wa dakika mbili kila mwezi, hata kama hakuna jipya. Picha za jua likizama baharini punguzeni. Picha moja ya namna hiyo inaweza kuwapotezea wachangiaji watatu.

Madeni lipeni kwanza. Hili nalisema kwa aibu. Niliondoka na salio la mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa, nikijiambia nitalimaliza nikiwa huko kwa imani. Mdhamini wangu, tuliyefundisha naye shule ya Jumapili, akakatwa mshahara miezi minne. Hakunipigia simu kulalamika. Nililijua niliporudi, kwa mke wake, ambaye aliniambia akiwa amesimama mlangoni na hakunikaribisha ndani. Nilimlipa. Ile karibu sikuipata mpaka mwaka uliofuata.

La msiba mama yenu alitaka aliandike mwenyewe, akashindwa, akanirudishia kalamu. Baba yake alifariki tukiwa siku tatu kutoka bandari ya karibu. Nahodha aliniita chumba cha usukani kuniambia, nami nikashuka na habari hiyo ngazi nne. Yeye alikuwa kitanda cha juu. Alilia huko juu nami nimesimama chini nimemshika miguu, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kupanda. Usiku ule watu walijaa korido nzima, wakaimba kila mmoja kwa lugha yake. Mazishi yalifanyika bila sisi. Kwa hiyo kaeni na familia za pande zote mbili mapema, mbele ya mchungaji, mkubaliane: likitokea, nani atasimama mahali penu, nani atatupa udongo kwa niaba yenu. Msiwaache ndugu wakalitafuta jibu hilo na jeneza likiwa sebuleni.

Hati ndogondogo mnazijua: pasipoti yenye muda wa kutosha, cheti cha homa ya manjano, cheti cha afya cha mabaharia, barua ya polisi. Bahari ikiwalevya, kaeni katikati ya meli sitaha za chini, tafuneni tangawizi na biskuti kavu, na msioneane haya. Hata wajukuu wa wavuvi hutapika.

Jumamosi njooni kwangu wote, saa kumi. Mama yenu anapika usipa na ugali wa muhogo. Kila mmoja aje na begi lake limefungwa kana kwamba safari ni kesho. Nimeazima mizani ya samaki kwa jirani. Kila begi litapanda, na kinachozidi kitabaki stoo kwangu mpaka mtakaporudi.

Ni mimi baba yenu,
serahangi mstaafu