Usalama wa mtaa usisubiri "mengineyo"

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenyeviti, makatibu na wajumbe wa kamati za mitaa, hasa wale wanaojiuliza kwa nini suala lilelile la taa au la madereva wanaokimbiza magari hujadiliwa kikao baada ya kikao na hakuna kinachobadilika.

Mambo huharibika tangu kwenye ajenda. Mkutano hufunguliwa kwa taarifa ndefu, zikafuata michango na matangazo, halafu usalama na barabara vinasukumwa kwenye mengineyo, mwisho kabisa wa ajenda. Kufikia hapo nusu ya watu wameshaondoka, akidi haipo, na anayesimama kueleza shida yake anaambiwa afupishe. Katibu anaandika: "Wajumbe walisisitiza ulinzi uimarishwe." Sentensi hiyo haina mtu, haina mahali, haina tarehe. Kikao kijacho haitaonekana kwenye yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maazimio ya kikao kilichopita, kwa sababu hakuna cha kufuatilia.

Yatokanayo yawe jambo la kwanza baada ya kufungua kikao, na usalama uje mara tu baada yake. Kila azimio lisomwe kwa namba yake, na aliyekabidhiwa ajibu moja kati ya matatu: limefanyika; halijafanyika, na sababu ni hii; au halitekelezeki, tulifute. "Linashughulikiwa" lisikubaliwe kama jibu. Azimio likiahirishwa mara tatu bila sababu mpya, apewe mtu mwingine.

La pili ni kupima. Mhandisi wa barabara akipokea barua inayosema "magari yanakimbia sana", hana cha kufanya nayo. Akipokea kasi zilizopimwa, anaweza kwenda kwa mkuu wake kuomba fungu. Kazi yenyewe ni ya watu wawili na simu moja. Tafuteni kipande cha barabara kilichonyooka, pimeni mita 100 kwa kamba au utepe, wekeni alama ya chaki kila mwisho. Mmoja anapiga ishara gari linapogusa alama ya kwanza, mwingine anabonyeza saa ya simu, kisha anaisimamisha saa hiyo gari linapogusa alama ya pili. Sekunde 12 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 7.2 ni kilomita 50, na sekunde 6 ni kilomita 60. Msitumie mita 50 kama nafasi ipo: kwa umbali huo mkikosea nusu sekunde, gari la kilomita 50 linasomeka 58 au 44, lakini kwenye mita 100 linasomeka 54 au 47. Kila mmoja asimame sambamba na alama yake, kwani ukiitazama kwa pembeni utaona gari limefika kabla halijafika au baada ya kulipita. Na msivae fulana za kung'aa. Dereva akiwaona anapunguza mwendo, nanyi mtarudi na takwimu za uongo.

Pimeni magari 100, wakati hakuna foleni, kisha pangeni kasi zake kuanzia ndogo hadi kubwa. Namba ya 85 ndiyo wahandisi wanayoitazama kwanza, maana inaonyesha kasi ambayo madereva wengi hawaivuki. Wastani peke yake huficha wale wachache wanaoua.

Kwa nini tung'ang'anie kasi isizidi kilomita 30 kwa saa? Dereva huhitaji karibu sekunde moja tangu aone mtoto hadi mguu uguse breki. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyo moja inampeleka karibu mita 14 mbele. Kwa kilomita 30, kwenye lami kavu na breki nzima, gari linahitaji mita 13 hivi, kuona na kusimama vyote vikiwemo. Yaani pale ambapo gari la kilomita 30 limeshasimama, dereva wa kilomita 50 ndiyo kwanza anakanyaga breki, na mtoto anagongwa kwa kasi ileile ya kilomita 50. Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililoungwa mkono na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Agosti mwaka huohuo, linataka kasi isizidi kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Kalitajeni kwenye barua yenu.

Hapa nawasihi wanaochoka kusubiri wakajenga tuta wenyewe usiku kwa mawe na saruji: waache. Tuta lililosanifiwa vizuri lina mgongo wa duara, urefu wa karibu mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Gari zima hupanda na kushuka, na dereva anayekimbia hurushwa. Tuta la kienyeji huwa jembamba na refu kwenda juu. Linakwaruza sampo, chombo cha oili chini ya injini, ya gari linalotembea polepole, wakati anayekimbia hasumbuki sana, kwa sababu springi na shokapu hummezea ule mshtuko. Halina rangi wala kibao, kwa hiyo mwenye pikipiki hulikuta gizani akiwa juu yake tayari. Likifika ukingo hadi ukingo huziba maji, barabara ikachimbika upande wa juu. Na tuta moja pekee halitoshi. Dereva akilivuka hukanyaga mafuta kufidia muda. Yanahitajika kwa mfululizo.

Taa nazo zinataka maelezo yake. Zungukeni mara mbili, usiku na mchana, na kwa kila nguzo andikeni namba yake na hali yake. Nguzo moja ikizimika kati ya nyingine zinazowaka, kasoro huenda ni balbu au kitu ndani ya taa ileile. Nguzo tano zikizimika kwa mfuatano, tatizo ni kebo, fyuzi au swichi ya mstari mzima, na fundi akija na balbu mkononi atarudi bure. Taa za sodiamu, zile za mwanga wa njano, zikichoka huwaka, hupata joto, huzimika, zikipoa huwaka tena. Anayepita zikiwa zinawaka atasema ni nzima. Taa inayowaka mchana kweupe mara nyingi ina hitilafu kwenye kifaa kinachohisi mwanga. Nyingine ni nzima kabisa ila zimezibwa na matawi, na hapo anayehitajika ni mkata miti.

Mitaro nitaigusa kidogo tu: anzeni kuizibua upande wa chini maji yanakoelekea, mpande juu, na tope liondolewe siku hiyohiyo. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha ndani.

Kuhusu wizi, mtaa uwe na daftari lenye safu tano: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, nani aliarifiwa. Baada ya miezi michache mtaona saa na kona zinazojirudia, na zamu za ulinzi zipangwe kwa kuzifuata. Nyumba iliyovunjwa mara moja iko katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, hasa katika wiki za mwanzo. Katika miaka ya 1980, mtaa wa Kirkholt huko Rochdale, Uingereza, ulianzia hapohapo: walioibiwa walirekebishiwa milango na kufuli, mita za umeme na gesi za kulipia kwa sarafu, zilizokuwa zikivutia wezi, zikaondolewa, na majirani wa nyumba kama sita zinazoizunguka wakaombwa kuitupia jicho. Wizi ulishuka kwa zaidi ya nusu. Mjumbe akisikia nyumba imevunjwa, basi, asingoje kikao. Awafikie majirani hao siku hiyohiyo.

Daftari hilo lisiwe na safu ya "anayeshukiwa". Jina likitajwa mbele ya umati mkutanoni, hakuna mwenyekiti anayeweza kulirudisha, na tunajua jinsi kelele ya "mwizi" inavyomaliza uhai wa mtu kabla hajaulizwa lolote. Mwenye jina alipeleke polisi, na mwenyekiti amkatishe papo hapo anayeanza kulitaja kikaoni.

Mwisho ni barua. Kila ofisi ipelekewe yake: ya taa kwa wanaohusika na taa, ya mitaro kwa wa mitaro. Barua moja yenye kero saba hukwama kwenye meza ya kwanza, kwani kila afisa huona sita si zake. Ambatanisheni orodha ya nguzo au jedwali la kasi, ombeni jambo moja, na tajeni siku mtakayokuja kuuliza. Pelekeni nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi kwenye jalada la mtaa. Namba ya barua na tarehe ya muhuri viandikwe pembeni ya azimio katika kumbukumbu za kikao, ili katibu mpya akikabidhiwa ofisi ajue pa kuanzia kuuliza.

Mjumbe wa kamati ya mtaa