Sefti ya bastola: gumba lishuke au lipande?

Mhariri,

Msimu wa karafuu ukiingia, fedha taslimu husafiri baina ya mashamba, vituo na benki hapa Pemba, na wanaozisindikiza huenda na bastola kiunoni. Anayewanunulia silaha huuliza bei na idadi ya risasi. Sefti, yaani kifungo kinachozuia bastola isipige, haiulizii, ilhali ndiyo itakayoamua kama mlinzi aliyeshtuliwa atapiga, atakwama au atajipiga mguu.

Kwenye M1911 ya Kimarekani na CZ 75 ya Kicheki, kijiti cha sefti kimekaa kwenye fremu, juu ya mpini. Juu ni kufunga, chini ni kupiga. Beretta 92FS imekiweka kwenye slaidi, chuma cha juu kinachovutwa nyuma kukoki, na kukigeuza: chini ni kufunga, na hapo hapo nyundo, ile inayopiga risasi, inashushwa bila kufyatua. Makarov nayo ni ya slaidi na hushusha nyundo, lakini juu ndiyo kufunga! Glock ya kawaida haina kijiti cha gumba kabisa. Mlinzi akishika Makarov zamu ya usiku na Beretta zamu ya mchana, gumba lake litafuata lilichozoea, hata kama kichwani anajua tofauti. Kwa hiyo ghala moja la silaha liwe na mtindo mmoja. Hili nalipa uzito kuliko jina la kiwandani.

Kwa anayebeba risasi ikiwa tayari chemba, yaani nyuma ya mtutu, naona sefti ya fremu inayoshuka ni bora, kwa kuwa gumba hushuka lenyewe mkono unapofumbata mpini. Ya slaidi iko juu zaidi, na mwenye vidole vifupi hulazimika kulegeza mkamato ili aifikie. Tena kwenye Beretta, anayekoki kwa kushika slaidi kwa kiganja chote anaweza kukiteremsha kijiti bila kujua, kisha akavuta triga na kisitokee kitu.

Mashoto wanahitaji kijiti pande zote mbili. Wengine wasikitake kwa mapambo: cha upande wa nje husuguana na mkoba au mkanda wa kiti cha gari na kufunguka. Vivyo hivyo kijiti kipana mno. Kabla ya kununua, tia bastola tupu ndani ya mkoba wake, sefti ikiwa imefungwa, kaa, inama, panda na ushuke garini, kisha tazama kama bado imefungwa.

Ajali nyingine huja wakati wa kutoa risasi. M1911 na Makarov zikifungwa sefti, slaidi haivutiki, hivyo ni lazima ufungue ndipo utoe risasi ya chemba. Toa magazini kwanza, elekeza mtutu mahali salama, weka kidole nje ya triga, ndipo uvute slaidi na uchungulie chemba. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, risasi nyingine inapanda palepale.

Sefti ya M1911 ipimwe hivi. Bastola ikiwa tupu na imekokiwa (nyundo iko nyuma), funga sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha fungua sefti. Nyundo isianguke. Ivute nyuma kidogo kwa gumba na usikilize: ukisikia “tik”, vyuma vya ndani vimeshasogea, ipeleke kwa fundi mwenye leseni. Asiichonge mtu kwa tupa.

Kisiwani chumvi na jasho huingia kwenye kipini kidogo na springi inayoshikilia kijiti, kikawa kigumu au, vibaya zaidi, kikalegea. Futa kila baada ya zamu, tia tone moja la mafuta ya silaha. Mafuta ya nazi hugandamana. Tuwaachie wenye nywele.

Msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba