Soko la saruji lipimwe hadi Kigoma

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari za viwanda vya saruji kubadilisha wamiliki. Kurasa za biashara zimekuwa zikizieleza kama suala la nani amenunua hisa za nani, bila kuuliza jambo ambalo kwetu sisi wanasheria wa ushindani huja kwanza: soko linalozungumzwa ni lipi, na mipaka yake inaishia wapi?

Wasomaji watakumbuka kwamba Oktoba 2021 ilitangazwa kuwa Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani ambayo tayari ilimiliki hisa nyingi za kiwanda cha saruji cha Twiga cha Wazo Hill, Dar es Salaam, ingenunua pia hisa nyingi za Saruji Tanga. Tume ya Ushindani, ambayo huidhinisha miungano ya kampuni, iliridhia mwaka 2022, Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya Tume, likautengua uamuzi huo Septemba mwaka huohuo, Tume ikaridhia tena mwaka 2023, na mwaka uliofuata hisa hizo zikahamia Amsons, kampuni ya Kitanzania ambayo ilikwisha kununua hisa za Holcim katika kiwanda cha Mbeya. Mabishano mengi yalizunguka asilimia 35, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 wakati huo ilimhesabu kuwa anahodhi soko yule ambaye sehemu yake ilizidi kiwango hicho na ambaye, peke yake, aliweza kupunguza ushindani kwa faida yake kwa muda wa kutosha.

Lakini asilimia 35 ya nini? Ukijumlisha mifuko yote inayouzwa kuanzia Dar es Salaam hadi Kigoma, mzalishaji anaweza kuonekana wa kawaida kabisa, kumbe katika wilaya za magharibi chapa yake ndiyo inayojaza maghala. Viwanda vikubwa viko Dar es Salaam, Tanga, Mbeya na Mtwara. Huku kwetu Kigoma saruji hutufikia kwa reli ya kati, takriban kilometa 1,250 kutoka Dar es Salaam, au kwa malori yanayopitia Nyakanazi, Kakonko na Kibondo, na kwa bidhaa nzito yenye thamani ndogo kwa kila kilo, nauli hula sehemu kubwa ya bei. Bei ikipanda Kasulu, fundi hawezi kuagiza mifuko ishirini kutoka Mtwara; atachagua kati ya chapa zilizopo Kasulu siku hiyo, au aache kujenga ukuta.

Wapo wanasheria wenzangu wanaoshikilia kwamba nchi nzima ni soko moja kwa sababu lori halina mpaka. Hoja hiyo ina uzito kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na nakiri pia kwamba ukilikatakata soko mno, kila mwenye duka la jumla ataonekana anahodhi kijiji chake. Hata hivyo, Sheria yenyewe inaeleza kuwa soko ni la Tanzania Bara au sehemu yake, na kipimo inachokitumia ni uwezekano halisi wa mnunuzi kugeukia bidhaa nyingine au muuzaji mwingine. Hakuna marekebisho yanayohitajika bungeni. Kinachohitajika ni Tume kutumia maneno iliyokwisha kupewa.

Sisemi kwamba Amsons au mzalishaji mwingine yeyote amevunja sheria, wala kwamba kiwanda kumilikiwa na Watanzania ni jambo baya. Ninachosema ni kwamba viwanda viwili vilivyokuwa vikishindana vinapoingia chini ya mmiliki mmoja, athari yake Tanga na athari yake Kigoma ni mambo mawili tofauti, na uamuzi unaotaja wastani wa taifa pekee hauwezi kutuambia lolote kuhusu hili la pili.

Kwa hiyo naiomba Tume, inapopokea maombi mengine ya muungano katika sekta hii, ikusanye takwimu za mauzo kwa kanda, izichapishe katika uamuzi wake, na iwasikilize wauza vifaa vya ujenzi wa Kigoma na Tabora kabla ya kuridhia. Wafanyabiashara nao wasingoje kuitwa: tangazo la Tume likitoka magazetini kuomba maoni, wapeleke ankara zao za miaka miwili au mitatu iliyopita, maana hizo ndizo zitakazoonyesha ni wazalishaji wangapi hasa wanaowauzia.

Wakili wa masuala ya biashara na ushindani,
Kigoma Mjini.