Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: mizinga yetu inaning'inia

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mfugaji mdogo wa nyuki, Sikonge, mkoani Tabora. Nakuandikia kuhusu vifaa vya kidijitali vya kufuatilia mizinga. Sivipingi, navitaka sana, ila vifae mizinga tuliyo nayo.

Vingi vimebuniwa kwa mfugaji wa Ulaya, ambaye mzinga wake ni sanduku lililokaa chini, karibu na nyumba, na intaneti ipo. Mzani unawekwa chini ya sanduku, kazi imekwisha. Huku mzinga ni gogo, gome au sanduku la mbao linaloning'inia kwa waya kwenye mti porini, nyegere asiufikie. Mkituletea mzani wa kuweka chini, tutaupimia mahindi.

Tunataka mzani wa kuning'iniza, unaofungwa kati ya tawi na waya. Uzito ukipanda siku hadi siku, tunajua mbochi, yaani maji matamu ya maua, inaingia. Ukisimama, tunakwenda kukagua kama masega yamezibwa kwa nta, dalili kwamba asali imeiva. Wengi hurina mapema kwa hofu ya wezi au kwa kubahatisha tu, na asali isiyoiva ina maji mengi. Kiwango cha kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Zaidi ya hapo inachacha kwa urahisi, na mnunuzi anaikataa.

Kwa mizinga mingine kipimajoto kinatosha. Nyuki wanaolea majana, yaani watoto wao, hutunza joto la nyuzi 34 hadi 35, hata usiku wa Julai. Joto la ndani likianza kufuata la nje, ama wameacha kulea ama wamehama. Na nyuki wetu ni wepesi kuhama kuliko wa Ulaya: moto, njaa au siafu, hao wameondoka. Leo mtu anapiga baiskeli kutwa hadi kambini porini, anakuta mizinga mitupu.

Si lazima kila mzinga uwe na kifaa. Michache katika kila manzuki, yaani eneo la mizinga, itatosha, itume vipimo kwa redio hadi penye mtandao, kisha ujumbe mfupi uingie kwenye simu ya kitochi. Programu inayodai simu janja na bando kila siku itabaki kwa maofisa.

Kisha, taarifa hizo ni za nani? Ramani inayoonyesha mizinga iliyojaa asali ni zawadi kwa mwizi. Naomba zibaki mikononi mwa kikundi, na mradi wowote utakaoleta vifaa uombe ruhusa kabla ya kuzitumia.

Kwa hiyo, kabla zabuni yoyote haijatangazwa, Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora kipewe vifaa hivyo kivijaribu kwenye mizinga ya magogo, masika na kiangazi, wafugaji wakiwapo. Vitakavyokufa kwa mvua au kutafunwa na mchwa vijulikane huko, si kwenye mizinga ya mtu aliyekopa kuvinunua.

Wako,
Mfugaji nyuki, Sikonge