Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wafanyabiashara wa Vyuma Chakavu

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kamati, misiba miwili tuliyochangia na uhakiki wa mizani mnavifahamu, sitavirudia. Tuko wanachama 41. Waliolipa ada ya mwaka mzima ni 17. Mkutano wa Agosti tulifika 9, tukatawanyika kwa kukosa akidi. Inasikitisha kwamba wanaolalamika zaidi kuhusu transfoma siku ile hawakuonekana.

Ni kweli, niliidhinisha ununuzi wa transfoma tatu kuukuu mnadani Chang'ombe bila kuitisha mkutano mkuu. Mnada ulikuwa wa siku moja. Hesabu niliipiga mwenyewe na karatasi ninayo. Kibao cha kila moja kilisomeka: uzito wote kilo 900, mafuta kilo 200. Nikaondoa mafuta. Katika zile 700 zilizobaki, sehemu kubwa ni tangi na mabati ya kiini, ambayo kwetu ni bei ya chuma tu. Kopa, yaani shaba nyekundu ya koili (waya uliozungushwa ndani), nikaikadiria kilo 130 kwa kila moja, sikuthubutu kupanda zaidi. Ya kwanza ikatoa 134, ya pili 127. Mliokuwepo kwenye mizani mliona.

Ya tatu ndiyo iliyoniletea maneno. Vichwa vya juu vya kuungia nyaya vilikuwa shaba tupu, nikaamini koili nayo ni kopa, na mnadani hawakuruhusu kufungua mfuniko. Tulipoifungua uani, nilichana karatasi ya koili kwa kisu, nikapitisha tupa kwenye waya: nyeupe. Alminiamu, kilo 66. Koili ya alminiamu hufanya kazi ileile kwa karibu nusu ya uzito wa kopa, na bei ya kilo iko chini mno. Hata hivyo kwa zote tatu tulitoa Sh 5,200,000, tukauza Sh 5,610,000. Hasara inayosemwa vijiweni haipo.

Wengine wananilaumu kwa kukataa kuuza mafuta ya transfoma hizo. Nakataa tena. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na PCB, sumu iliyomo kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001, na sote tunajua mafuta ya namna hiyo huishia kwenye karai la chipsi, wakala watoto wetu. Yamo kwenye mapipa, yamefungwa, mpaka yapimwe.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutafute mizani kubwa zaidi na kuwafundisha vijana kusoma vibao. Wenye madeni ya ada wamwone mhazini kabla ya mkutano wa Januari.

Mwenyekiti