Ule mkebe wa biskuti usitupwe

London, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniachia, baridi tu ndiyo ingali imenishika. Najua barua hii atakusomea Zuhura. Zuhura, soma yote, usiruke.

Alhamisi sikuwa na zamu, nikaenda British Library, maktaba ya taifa pale St Pancras. Kulikuwa na maonyesho. Ndani ya kioo niliona karatasi moja ambayo wino wake umegeuka rangi ya chai, alama za mikunjo bado zipo. Enzi hizo hakuna bahasha: barua hukunjwa yenyewe, ikafungwa na kutiwa lakiri. Ni ya Februari 1477. Binti aitwaye Margery Brews anamwandikia mchumba wake, John Paston, na kumwita Valentine wake. Na unajua kinachomliza? Mali. Kwao mali ya ndoa ilitoka kwa kina binti (wajomba wangefurahi!), na babake amegoma kuongeza. Basi anamsihi John, kama anampenda kweli, asimwache kwa sababu hiyo. Walioana mwaka huohuo.

Ila aliyenikamata mimi ni mama mkwe wake, Margaret Paston. Barua zake zimesalia zaidi ya 100, na aliziandikisha kwa makarani: yeye anasema, mtu anaandika. Nikamkumbuka Bibi alivyokuwa akinikalisha barazani nimwandikie Mjomba, na nikitaka kupamba maneno ananipiga kikofi, "Andika nilivyosema!"

Basi dukani pale nikafungua kitabu chenye barua hizo. Mwaka 1448 watu wa bwana mmoja mkubwa walikuwa wameishika nyumba yao ya Gresham, huko Norfolk. Margaret anamwagiza mumewe alete pinde, zile za kukazwa kwa mtambo, pamoja na mishale yake, maana nyumba ni fupi, pinde ndefu hazitumiki ndani. Halafu, karatasi ileile, mama wa watu anaomba lozi ratili moja, sukari ratili moja, na kitambaa cha kuwashonea watoto nguo. Nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akanitazama. Wewe hasa! Siku ile ng'ombe za jirani zimemaliza mihogo, umenipigia simu kulia, na kabla hujakata ukaniagiza sufuria.

Unajua kwa nini zilitunzwa? Si kwa mapenzi. Kina Paston walikuwa na kesi za mashamba zisizokwisha, na kila karatasi ilikuwa ushahidi. Sukari na lozi zimepona kwa mgongo wa kesi.

Kwa hiyo, Mama, ule mkebe wa biskuti uliopo juu ya kabati, wenye barua za Babu kuhusu shamba la minazi, usiutupe, wala Zuhura asitoe karatasi za kuwashia jiko. Mchwa wameshaonekana chumba kile, uuhamishie chumbani kwako. Na zile barua zake za Kiarabu ambazo hakuna anayezisoma nyumbani, nazo zibaki humohumo. Nikija Desemba nitazipiga picha moja moja.

Pesa ya dawa nimetuma jana. Msalimie Shangazi, na mwambie viatu nimeviona, namba yake tu ndiyo haipo.

Mwanao,
Salim